Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Munroe, mashua ya Egret na mafundi wa Kibirizi

Toleo lililopita tuliitaja kwa aya mbili tu nyumba ya Ralph Munroe, mchora mashua wa Kimarekani, iliyo ukingoni mwa ghuba ya Biscayne, Coconut Grove, mjini Miami. Barua zimetufikia nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote zimetoka kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa aliyekosa toleo lile: Munroe alizaliwa mwaka 1851, akafika kusini mwa Florida mara ya kwanza mwaka 1877, na mwaka 1886 akanunua ekari 40 kwa dola 400 taslimu pamoja na mashua yake Kingfish, iliyothaminiwa dola 400 nyingine. Nyumba aliijenga mwaka 1891 akaiita The Barnacle, yaani yule mdudu wa baharini mwenye gamba anayeganda kwenye tumbo la jahazi na kukataa kubanduka. (Ziwani kwetu hayupo, mafundi wa Ujiji washukuru.) Tangu mwaka 1973 ni mali ya jimbo la Florida na wageni huruhusiwa kuingia. Egret ni mashua yake ya tanga yenye tumbo bapa, ya mwaka 1886.

SWALI: Mimi ni fundi wa maboti hapa Kibirizi, Kigoma. Mdogo wangu anasoma Miami. Nimemwambia aende kwenye hiyo nyumba aniletee picha na vipimo vya mashua ya Egret. Anasema ataenda ila hajui mashua hata kidogo. Nimwambie afanye nini?

JIBU: Fundi, umefanya vizuri kuuliza kabla hajaenda, maana asiyejua mashua atakuletea picha 200 za machweo na hutapata hata kipimo kimoja.

Kufika ni rahisi. Anuani ni 3485 Main Highway. Akitokea uwanja wa ndege au mjini, apande treni ya Metrorail hadi kituo cha Coconut Grove, kisha atembee kama kilomita 2 kuelekea majini, au apande basi dogo la jiji ambalo halina nauli. Lango limefunikwa na miti, wengi hulipita. Ndani kuna njia ya miguu inayokatiza kipande cha msitu wa asili, mojawapo ya vipande vya mwisho vya msitu uliokuwa umefunika ufuko huo, na mbu wake hawana tofauti na wa Malagarasi, kwa hiyo avae mikono mirefu. Ndani ya nyumba wageni huingizwa na mwongozaji kwa saa maalumu. Saa na kiingilio hubadilika; aangalie siku moja kabla. Achague kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Juni hadi Novemba ni majira ya vimbunga, na kimbunga kikikaribia hifadhi za pwani hufungwa.

Sasa vipimo. Kwanza ajue kwamba Egret ya mwaka 1886 haipo tena, na michoro yake ya awali haikubaki. Iliyopo ni nakala, iliyojengwa kwa kufuata picha na maelezo. Hiyo si hasara kwako, lakini usije ukabishana na mtu kijiweni kwamba una vipimo vya Munroe mwenyewe.

Aombe ruhusa kwa mfanyakazi wa hifadhi kabla ya kugusa chochote. Awe na futi ya mita 10, timazi, chaki, na fimbo aliyoipiga rangi nyekundu na nyeupe kila baada ya futi 1. Mashua ina futi 28, yaani mita 8.5. Aigawe kila futi 2 kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Atapata vituo 15 ukihesabu na ncha zote mbili. Katika kila kituo achukue namba tatu: upana wa juu, upana wa sakafu, na kimo cha ubavu kilichopimwa wima kwa timazi. Wengi hukosea hapo, hulaza futi kwenye ubao wa ubavu kufuata mlalo wake, na kimo hutoka kirefu kuliko kilivyo. Mashua ikiwa majini asihangaike na upana wa sakafu kwa nje. Apime kwa ndani, aandike pembeni neno "ndani", wewe utaongeza unene wa mbao.

Kwa nini namba hizo tatu? Kwa sababu siri ya Egret iko kwenye ubavu uliofunguka. Tuseme, kwa mfano tu, kituo cha katikati kina upana wa juu futi 7, wa chini futi 5, kimo futi 2 na nusu. Nusu ya juu ni 3.5, nusu ya chini ni 2.5, tofauti ni futi 1. Ubavu umelala futi 1 kwa kila futi 2 na nusu za kimo, kama nyuzi 22. Ukiwa na hesabu hiyo kwa vituo vyote 15, umeshapata mataruma yote, yaani mbao za ndani zinazoshika umbo la mashua, kabla ya kugusa msumeno.

Kisha apime kisanduku cha ubao wa kushusha, yaani ule unaoteremshwa majini kupitia sakafu ili upepo usiisukume mashua kando: kinaanzia futi ngapi kutoka omo, kina urefu gani, na kimeshikiliwa na nini sakafuni. Apime pia kitako cha kila mlingoti. Picha apige za ubavu akiwa amesimama mbali, mita 20 hivi ikiwezekana, fimbo ya rangi ikiwa imesimamishwa katikati ya mashua. Picha ya karibu huvimbisha kilicho mbele ya kamera na kukondesha ncha. Fundi mmoja akikata ubao kwa picha ya namna hiyo, omo itatoka nyembamba kama sindano.

SWALI: Hiyo Egret mnaisifu sana. Je, itafaa kuvulia dagaa hapa Ujiji? Nasikia tumbo lake ni bapa.

JIBU: Kuvulia dagaa, hapana. Kusafirishia mizigo midogo ya kando kando ya ufuko, inaweza. Tueleze sababu.

Tumbo bapa lilichaguliwa kwa sababu ghuba ya Biscayne ina kina kifupi na milango yake ya bahari ina fungu za mchanga. Egret ilihitaji maji ya inchi 8 tu, sentimita 20. Mashua za tumbo bapa za aina hiyo zilikuwepo tayari huko Connecticut kwa wavuna chaza, ila zilikuwa na ubavu uliosimama na tezi pana isiyochongoka. Munroe alichonga ncha zote mbili, akapunguza upana wa sakafu na kuzifungua mbavu. Wimbi likija kwa nyuma halikuti ubao mpana wa kusukuma, linapasuliwa. Mashua ikilala, ubavu uliofunguka unaingia majini na kuiinua. Ndiyo maana iliweza kupita kwenye milango ya bahari ambako mashua nyingine zilisubiri.

Ziwa Tanganyika halina tatizo la kina. Lina mita 1,470 pale palipo na kina kikubwa zaidi, na hata mbele ya Kibirizi ufuko unatumbukia haraka. Tatizo letu ni mawimbi mafupi yaliyosimama, hasa kiangazi upepo wa kusini unapovuma. Tumbo bapa lisilo na mzigo hupiga wimbi kama kofi, pigo hadi pigo, na baada ya msimu mmoja misumari ya sakafu huanza kulegea. Ikilala upande kidogo hukata maji kwa kona na kupiga kunapungua. Kwa hiyo ni mashua ya tanga. Ukiifunga mashine na kuiendesha wima kwa kasi, umeondoa kile kilichoifanya iwe nzuri.

Na mashine utaifunga wapi? Haina ubao wa tezi. Ama ukate tezi, na hapo si Egret tena, ama ufunge mkono wa pembeni, na hapo itavuta upande mmoja siku zote.

Mzigo nao upigiwe hesabu. Mashua ya sakafu ya mita 7.5, upana wa katikati mita 1.4, ncha zote zimechongoka, ina eneo la majini kama mita za mraba 6.8. Maana yake kila kilo 68 huizamisha sentimita 1. Tani moja ya dagaa na barafu na watu: sentimita 15. Zile inchi 8 zilizosifiwa zinakuwa 14. Mtumbwi wenu wa kawaida wa mbao unabeba zaidi kwa gharama ndogo, na vipe (maboti ya mbao) viwili vilivyofungwa pamoja kwa ajili ya wavu na taa vina uwanja wa kufanyia kazi ambao Egret haina.

Ukiamua kuijenga hata hivyo, na tunajua wapo watakaoamua, angalia mambo mawili. La kwanza ni farumi, yaani uzito wa kuituliza mashua. Bila uzito chini haitulii na tanga. Tumia mifuko ya mchanga ya kilo 25, minane kuanzia, iliyobanwa kati ya mataruma na kufungiwa mbao juu. Mawe ya ufukweni yasiyofungwa huhama upande ule ule mashua inaolalia, na hapo huiinui tena.

La pili ni kisanduku cha ubao wa kushusha. Mashua za aina hii huvuja hapo kabla ya kuvuja popote. Umekata mfereji katikati ya sakafu, umeusimamishia kuta mbili, na kila upepo ukisukuma ubao, kuta hizo zinatikiswa. Magogo ya chini yanayoshika kuta yawe mninga au mvule wa kipande kimoja kila upande, unene wa inchi 3 angalau, yafungwe kwa bolti zinazopita sakafu, si misumari. Pamba ya kalafati (ya kuzibia nafasi za mbao) iliyolowekwa mafuta ya mawese, ileile mnayoitumia siku zote, ilazwe chini ya gogo kabla ya kukaza bolti. Kuipigilia pembeni baadaye haisaidii kwa sababu nafasi iko chini. Kisha kuta za kisanduku zifungwe na benchi la kukalia, ubavu hadi ubavu, ili nguvu isiishie kwenye gogo peke yake. Rangi ya ndani ya kisanduku ipigwe kabla ya kufunga ukuta wa pili. Ukishafunga, brashi haingii, na ubao usiopakwa rangi huoza kuanzia mahali usipopaona.

SWALI: Ziwa lilipopanda, maji yalifika karibu na nyumba yangu huku Katonga, Kigoma. Mliandika kwamba huyo Mmarekani aliinua nyumba nzima akajenga chini yake. Nami ninaweza?

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Aliinua kweli. Mwaka 1908 familia ilikuwa imekua, naye badala ya kubomoa paa na kujenga juu, aliinyanyua nyumba yote ya awali na kuingiza ghorofa mpya chini yake. Anayetembelea leo anaanza kwa kupita kwenye hiyo ya mwaka 1908, kisha anapanda ngazi kuingia kwenye ile ya mwaka 1891. Ya zamani iko juu ya mpya. Mwambie mgeni yeyote aangalie mahali zinapokutana.

Iliwezekana kwa sababu nyumba ilikuwa ya mbao na ilikuwa imesimama juu ya nguzo tangu mwanzo. Mtu aliweza kuingia chini yake. Kazi ya namna hii hufanywa hivi: maboriti mazito hupitishwa chini ya sakafu, jeki huwekwa kila pembe na kila chini ya ukuta wa ndani, kisha nyumba hupandishwa sentimita 2 au 3 kwa duru moja, jeki zote sawasawa. Kila duru ikiisha, magogo hupangwa kwa kupishana chini ya boriti, mawili huku, mawili kule, ili jeki ikiteleza nyumba iangukie kimo cha kidole na si kimo cha mtu. Upande mmoja ukitangulia, milango hugoma kufunga. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Anayezoea kuvuta mashua nchi kavu kwa kabari na magogo hana la kushangaa hapo.

Lakini nyumba yako, kama nyingi za Katonga, tunadhani ni ya tofali za kuchoma na msingi wa mawe. Tofali hushikana kwa uzito, haina nguvu ya kuvutwa. Ukiinyanyua kwa pembe, ukuta unakatika katikati. Usijaribu, hata kama fundi atakuapia.

Kuna jambo lingine kwenye ile nyumba ambalo linakufaa zaidi. Munroe alikuwa na vitu viwili: nyumba, na banda la mashua. Banda alilijenga mapema, kando ya maji kabisa, na aliishi ghorofani mwake kabla nyumba haijaisha. Nyumba aliirudisha nyuma, juu ya mwinuko wa mawe ya chokaa. Kimbunga cha mwaka 1926 kilipopita Miami, banda liliondoka na ikabidi lijengwe upya. Nyumba ilibaki. Kimbunga Andrew cha mwaka 1992 nacho kiliiacha imesimama. Kando ya maji aliweka kile alichoweza kukipoteza.

Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita hizo zipime kutoka pale maji yalipofika yalipopanda, si pale yalipo kiangazi hiki. Kama kiwanja chako kinapanda nyuma, chumba cha kulala na ghala la chakula vihamie huko. Nyumba ya mbele ibaki ya nyavu na mashine. Na ukiwa unajenga upya huko nyuma, fikiria sakafu iliyoinuka sentimita 60 juu ya ardhi.

SWALI: Mimi ni mama wa nyumba, Mwanga ya Kigoma. Kwetu bati linatupika kuanzia saa sita mchana. Nimesoma kwamba nyumba hiyo haina feni na ina baridi. Wanafanyaje?

JIBU: Mama, kuna joto Miami kama Kigoma na unyevu kuzidi, kwa hiyo umeuliza mahali sahihi.

Katikati ya nyumba ya mwaka 1891 pana chumba cha pembe nane. Paa lina migongo minne inayopanda na kukutana juu ya chumba hicho, na pale kileleni kuna kijumba kidogo chenye nafasi za hewa. Sehemu hiyo ya katikati na kijumba chake, ikitazamwa kwa mbali, ndiyo iliyofanana na gamba la yule mdudu na kuipa nyumba jina. Hewa ya moto inapanda, inatokea juu, na ile ya ghubani inavutwa kuingia kwa chini kupitia varanda. Vyumba vyote vimekizunguka hicho cha pembe nane, kwa hiyo kila mlango ukifunguliwa unalisha tundu lile lile.

Kwako haihitajiki pembe nane. Ila wengi wanaojaribu hukosea kwa namna moja: wanatoboa juu na kusahau chini. Tundu la juu la sentimita 60 kwa 60 juu ya sebule ya mita 4 kwa 4 linataka nafasi ya kuingilia ya ukubwa huo huo au zaidi, na iwe chini, upande wa kivuli. Madirisha yaliyofungwa pazia zito hayahesabiki. Kama nafasi ya chini ni ndogo, hewa haitembei, na siku ya upepo tundu la juu linageuka, linaingiza badala ya kutoa.

Dari ndiyo kikwazo cha pili. Ukiwa na dari, tundu la bati linapoza nafasi iliyo juu ya dari tu. Hilo nalo ni faida, lakini ukitaka chumba kipoe, toboa dari chini ya tundu na unganisha kwa boksi la mbao.

Mvua: kijumba cha juu kiwe na bati lililotokeza sentimita 45 kila upande, na pembeni pawe na mbao zilizolazwa nyuzi 45 zikipishana, si wavu mtupu. Mvua ya Machi hapa haishuki, inakuja ubavuni. Ndani ya mbao hizo weka wavu wa mbu, na nje yake wavu wa chuma. Bila huo wa chuma popo watahamia mwezi huo huo, na harufu yake unaijua. Pale kijumba kinapokaa juu ya bati, bati la chini lipande ndani ya kijumba sentimita 15 kabla ya kukunjwa. Wanaoziba kwa saruji hupata ufa mwaka wa kwanza, maana bati hutanuka na kusinyaa haraka kwa jua, na saruji haiwezi kulifuata.

SWALI: Huyu Munroe ni yule rais wa Marekani?

JIBU: Hapana. Rais ni Monroe, kwa O, na alifariki mwaka 1831, miaka 20 kabla huyu hajazaliwa. Huyu ni Munroe, kwa U. Ukimtafuta kwenye intaneti kwa O utaletewa rais na mwigizaji wa sinema.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, Tabora. Huko Miami sitafika. Je, Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, ilichorwa na nani, na nyumba ya mchoraji inatembelewa?

JIBU: Liemba haikutoka mkononi mwa mtu mmoja mwenye nyumba ya kutembelewa. Ilijengwa mwaka 1913 na kampuni ya Meyer Werft, Papenburg, kando ya mto Ems huko Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen. Baada ya kujengwa ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikapita Dar es Salaam na kuletwa kwa reli. Wakati ule reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo masanduku hayo yalipita hapo hapo kwenu Tabora. Aliyesimamia kuiunganisha tena Kigoma ni Anton Rüter, akiwa na wenzake wawili, Wendt na Tellmann. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, Rüter akiwa ameipaka mashine grisi nene kwanza. Iliinuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Grisi ile ilifanya kazi yake.

Papenburg karakana bado ipo na hupokea wageni. Karibu nawe zaidi, panda treni hadi Kigoma, ushuke, utembee dakika chache hadi bandarini. Kabla ya kupiga picha eneo la bandari omba kibali kwenye ofisi ya bandari. Walinzi hawatakuuliza kama wewe ni mwanafunzi. Ukiruhusiwa kuiona Liemba, tazama ribiti zake (pini za chuma zinazoshikanisha mabamba) zilizo mstari kwa mstari kwenye ubavu. Meli iliyounganishwa kwa kulehemu haina hizo, na kila moja iliyopigwa hapa Kigoma ilichomwa moto ikawa nyekundu kwanza, mtu mmoja ndani na mwingine nje.